Daktari wa Thieta

Huku kwetu thieta ni moja tu: ile yenye taa kubwa, kisu, na mlango wa kusukuma ambao ndugu hawaruhusiwi kuupita. Ukisikia fulani ameingizwa thieta, watu hushika vichwa, pasta hutafutwa, na hakosekani shangazi mmoja ambaye tayari anauliza turubai za matanga zinakodishwa wapi siku hizi. Hakuna anayefikiria jukwaa. Hakuna anayefikiria Wagiriki.

Sasa mchukue Dishon Oketch, mzaliwa wa Sondu, mtu aliyetoa ujana wake wote kusoma thieta ya Wagiriki wa kale, halafu umrudishe nyumbani na cheo cha daktari. Balaa lake lilianzia hapo, na kusema kweli hakuna aliyekosa.

Ilikuwa hivi. Alipopata udhamini wa kwenda kusoma Athens, pasta wao alisimama Jumapili akatangaza: mtoto wetu Dishon anaenda Ulaya kusomea thieta, na akirudi atakuwa daktari. Kila neno katika tangazo lile lilikuwa kweli. Pasta hakudanganya hata kidogo, labda kwa mara ya kwanza mwaka huo. Kina mama wakapiga vigelegele. Mama Dorca, mamake Dishon, anayeuza viazi vitamu soko la Sondu, alicheza mpaka kiatu kikakatika mkanda. Na Dishon mwenyewe, kijana aliyekaa benchi la nyuma, alishangaa kuona jinsi watu wa Sondu walivyoipenda tamthilia ya kale. Aliniambia baadaye, nikiwa mwanafunzi wake, kwamba machozi yalimtoka.

Alikaa Athens miaka kadhaa. Alijifunza Kigiriki cha zamani ambacho hata wauza samaki wa kule hawakisemi tena, akakaa kwenye viti vya mawe vilivyochongwa kabla ya kuzaliwa Yesu, akaandika tasnifu nene. Aliporudi walichinja mbuzi. Chakula kikiwa bado kinapakuliwa, mzee mmoja jirani alimvuta nyuma ya nyumba, akainua shati, akamwonyesha ngiri yenye ukubwa wa embe.

Dishon aliiangalia. Angefanya nini? Alimwambia, "Mzee, hii ni ya kwenda hospitali. Tena kesho."

Mzee akaenda, akapasuliwa, akapona. Akarudi akaeleza soko zima kwamba yule kijana alijua ugonjwa kwa macho tu, bila kumgusa.

Nilimuuliza kwa nini hakusahihisha mambo mapema. Alisema alijaribu. Alimkalisha mamake jikoni akamwambia, "Mama, mimi ni daktari wa thieta ya kuigiza." Mama Dorca alimtazama kwa huruma akasema, "Kila mtu huanza kwa kuigiza, nyathina. Utafika tu kwa watu wa kweli." Nyathina maana yake ni mwanangu, na Mama Dorca akilitamka neno hilo, mjadala umefungwa.

Basi kila Krismasi foleni ilijipanga chini ya paa la ghala lao: magoti, macho, uvimbe, matiti. Dishon alimwangalia kila mtu kwa makini, akamsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia aende hospitali haraka. Hakudunga sindano. Hakuuza dawa. Hakuomba chochote. Na kwa kuwa wagonjwa wetu wengi hufa kwa kuchelewa, mtu huyu asiyejua kutofautisha ini na figo akawa daktari bora kuliko wote waliowahi kutokea Sondu. Nimeishi kati ya madaktari wa kweli wenye zahanati za vichochoroni, najua ninachosema.

Huko chuoni Kisumu mambo yalikuwa mengine. Hawakumnyima kazi, walimnyima Wagiriki. Walimpa somo la Stadi za Mawasiliano, akawafundisha wanafunzi wa udaktari, wa uvuvi na wa uhasibu namna ya kuandika memo. Kwenye kozi yake ya tamthilia ya kale tulikuwa wanafunzi wachache tunaotosha meza moja ya kantini. Mwenzetu wa chama cha Kikristo alikuja kipindi cha kwanza, akasikia kwamba Wagiriki waliigiza kwa heshima ya mungu wa mvinyo, akaenda moja kwa moja kumshtaki Dishon kwa mkuu wa kitivo. Baadaye tuliambiwa kozi imefutwa kwa sababu haina soko.

Soko! Nchi hii imejaa vijana wenye shahada za soko walioketi nyumbani kwa mama zao kama sisi tusio na soko. Tofauti ni kwamba sisi tulifundishwa kuuliza nani aliyeketi kwenye kiti cha mfalme na ndani ya ile nyumba kumetendeka nini. Ndiyo maana kozi yetu ilifutwa, msinidanganye.

Alichokuwa anafundisha ni rahisi, na nitakieleza kwa sababu bila hicho hutaelewa kilichotokea hospitalini. Katika tamthilia za Wagiriki, damu haimwagiki mbele ya watu. Anayeuawa huuawa ndani, nyuma ya mlango. Nje hubaki kundi la watu, aghalabu kina mama au wazee wa mji. Wanangoja. Wanaimba, wanalalamika, wanagombana na miungu. Halafu mlango unafunguka, anatoka mjumbe, na yeye ndiye anayesimulia yote yaliyotendeka ndani. Wataalamu wa Ulaya wameandika vitabu wakisema hiyo ilikuwa mbinu ya jukwaa tu. Dishon aliwaandikia kwamba wao hawajawahi kukaa benchi la hospitali. Watu walio nje, alisema, wana haki yao. Jambo halijaisha mpaka mtu atoke aliseme mbele yao, lote, kwa mpangilio.

Ili kuthibitisha hayo alianza kuhudhuria mazishi. Kila Jumamosi utampata Awasi, utampata Muhoroni, kwenye matanga ya watu asiowajua, akisikiliza jinsi wanawake wanavyoingia bomani wakilia, kundi moja likianza na jingine likijibu. Mwanzoni walidhani amefuata nyama. Kisha mtu akamtambua, akanyanyua kipaza sauti: tunaye hapa daktari wa thieta kutoka Kisumu, atatueleza marehemu alikufaje. Dishon alisimama, akasema yale aliyokuwa ameyasikia kwa wenye boma asubuhi hiyo: mgonjwa aliamka vipi, alisema nini, ni nani aliyemshika mkono. Hakutaja dawa hata moja. Mjane akamshukuru, akasema sasa ndipo ameelewa. Tangu siku hiyo familia za Awasi zilimpangia nafasi kwenye ratiba, kati ya pasta na mheshimiwa diwani, na hapana shaka yeye peke yake ndiye aliyemtaja marehemu zaidi ya mara mbili.

Siku moja alitupeleka kuigiza. Alipata shimo la zamani la kuchimba murram, udongo wa barabara, karibu na Muhoroni, limekatwa nusu duara kama viwanja vya Athens, na sauti inapanda vizuri. Tulitengeneza barakoa kwa maboksi. Wakulima walijaa. Tulipofika pale mjumbe anapotoka mlangoni, trekta la miwa likapita juu barabarani, likapiga shimo, likamwaga nusu ya mzigo. Watazamaji wote wakakimbilia miwa. Kundi letu la waimbaji nalo likakimbia, na barakoa zao usoni. Mjumbe akabaki anaeleza kifo cha malkia kwa mbuzi wawili. Dishon alicheka mpaka akaketi chini, kisha akasema kwa uchungu kidogo kwamba Wagiriki walikuwa na bahati, hawakulima miwa.

Hayo yote yalikuwa kabla ya masika ya mwaka jana, Mama Dorca alipoanza kutapika na macho yake kugeuka manjano. Waliletwa Kisumu, yeye na tumbo lake, na hospitali ikagundua mawe kwenye nyongo. Kifuko kilikuwa kimevimba na kuoza. Kikipasukia ndani, amekwisha. Daktari wa upasuaji, Waliaula, Mbukusu mwenye mabega ya mchezaji raga, alisema lazima aingie thieta siku hiyohiyo.

Mama Dorca alikataa. Alisema ana daktari wake.

Nilikuwa nimepeleka uji, nikakuta Waliaula amemvuta Dishon kando ya korido. Walijuana, Waliaula alifundishwa naye kuandika memo akiwa mwaka wa kwanza, na bado alimwita mwalimu.

"Mwalimu, mama anasema wewe ndiye utampasua."

"Amesema hivyo?"

"Amesema mimi nikushikie vyombo."

Dishon akaegemea ukuta. Waliaula akamwambia kwamba muda hakuna. Alikuwa na wazo: Dishon avae nguo za kijani, kofia na barakoa, amshike mamake mkono mpaka dawa ya usingizi imchukue, kisha atoke. Hakuna atakayejua. Akaongeza kwamba Wabukusu, kwa jando lao, wana uzoefu zaidi wa kisu kuliko Wajaluo wasiotahiri, kwa hiyo mama atakuwa amepata faida tu. Dishon hakucheka. Alizichukua nguo.

Mtu aliyesoma barakoa maisha yake yote alikuwa hajawahi kuvaa moja kwa kazi. Ilimkaa vizuri. Nilimwona akipita na sikumjua.

Yaliyofuata sikuyaona, kulikuwa nyuma ya mlango. Ameniambia mwenyewe, na muuguzi aliyekuwepo ameniambia pia, na hawakupishana sana.

Mama Dorca alikuwa amelala kwenye kitanda cha magurudumu. Alipoona mtu wa kijani akimwinamia alimtambua kwa macho, akatabasamu.

"Umekula?"

"Nimekula, Mama."

"Vizuri. Mkono usitetemeke."

Dishon akaangalia mikono yake.  Anasema alikumbuka kwamba Mgiriki akivaa barakoa, hata anayekaa kiti cha mwisho juu kabisa anajua ile ni barakoa. Hakuna anayedanganywa. Hapa kulikuwa na mtazamaji mmoja tu, na huyo mmoja hakujua.

Akaivuta ikashuka kidevuni.

"Mama, sijui kupasua. Hata kuku huwa namwita mtu anichinjie. Atakayekupasua ni huyu Waliaula. Thieta yangu ni ile nyingine, ya michezo. Nilikwambia jikoni."

Mama Dorca aliitazama ile barakoa iliyoshuka. 

"Na yule mzee wa ngiri?"

"Nilimwambia aende hospitali."

"Na wale wote wa Krismasi?"

"Vilevile."

Akafumba macho. "Nirudisheni Sondu," akasema. Waliaula alishika kitanda kama mtu anayezuia gari lisiteremke mlima. Hakuna daktari anayeruhusiwa kumpasua mtu mzima mwenye akili zake aliyekataa, na kila aliyekuwa mle ndani alijua njia ya Sondu ni ndefu kuliko uvumilivu wa nyongo ile.

Kisha Mama Dorca akafungua jicho moja.

"Sasa miaka hii yote umekuwa ukifanya nini huko?"

Dishon ana makala nyingi kuhusu swali hilo, nyingine zina tanbihi nyingi kuliko maneno. Alisema tu, "Nasoma habari za watu wanaongoja nje ya mlango, Mama. Na yule anayetoka kuwaambia."

"Na kuna watu wanalipwa kwa hiyo kazi?"

"Kidogo."

"Huko nje yuko nani?"

"Mama Agneta na kina mama wa kanisa."

"Wameanza?"

Dishon akasikiliza. Wimbo ulikuwa unapenya chini ya mlango, na si ule wa kuombea mgonjwa. "Wameanza," akasema.

Mama Dorca akasonya. "Agneta atanizika kabla ya chai. Atapiga simu Sondu, nitakuta wamekata miti yangu ya kuni wapikie matanga." Akamgeukia Waliaula. "Wewe Mbukusu, pasua. Lakini ukimaliza usiende kusema na hao. Kiswahili chako kimejaa dawa." Kisha kwa mwanawe: "Wewe kaa mlangoni. Likiisha, utoke wewe. Useme yote, usipunguze. Hata likiwa baya, usipunguze."

Ndivyo Dishon Oketch alivyopewa kazi yake, na mwajiri wa kwanza aliyeelewa anafanya nini.

Alipotoka akiwa na nguo za kijani, kina mama waliinuka kwa pamoja. Walikuwa wamevaa vitambaa vyeupe vya kichwani, wamejaza mabenchi mawili yanayotazamana. Mama Agneta, kiongozi wao, mwanamke mwenye sauti ya king'ora, aliuliza, kama yeye yuko hapa, huko ndani anayekata ni nani. Dishon akawaambia ukweli, kwa mara ya pili asubuhi hiyo. Mara ya pili haikuwa rahisi zaidi. Benchi la kushoto likalia yawa, yaani jamani. Benchi la kulia likasema tumeuzwa. Mmoja akauliza kama hata cheti anacho.

Mama Agneta alimsogelea mpaka pua zikakaribiana.

"Nilikuonyesha titi langu, Dishon."

"Ndiyo, Mama."

"Ukaangalia kama mtu anayejua."

"Nilikwambia uende hospitali."

"Nilienda."

"Wakasema nini?"

 Mama Agneta alijifunga upya kitambaa chake. "Wakatoa ule uvimbe," akasema. "Wakasema ningengoja mwaka, ningekufa."

Akarudi kwenye benchi, akaketi. Wengine wakaketi. Baada ya muda akaanzisha wimbo, na safari hii ulikuwa wa kuombea mgonjwa. Benchi moja likaanza, jingine likajibu. Dishon alisimama kando ya mlango, mgongo ukutani, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesikia kwa masikio yake kitu alichokisoma kwenye karatasi miaka yote.

Tulingoja sana. Wakati fulani mlango ulifunguka, akatoka mtu na ndoo, na wimbo ukakatika katikati ya neno. Alikuwa anasafisha sakafu. Ukaendelea.

Hatimaye Waliaula akachungulia, barakoa ikining'inia sikioni. Aliongea na Dishon kwa sauti ya chini, akisaidia maneno kwa mikono. Dishon akauliza maswali kadhaa. Akarudia kitu fulani ili ahakikishe. Kisha akageuka, akapiga hatua mbele, kati ya mabenchi mawili.

Wajumbe wa Wagiriki husema jambo lenyewe kwanza, ndipo wasimulie. Naye alisema, "Yuko hai."

Sauti iliyotoka kwa wale kina mama sitaiandika, haina herufi. Akangoja ipungue. Halafu akaanza tangu mwanzo: Dorca alivyoamka Sondu akashindwa kuinua gunia la viazi, alivyomficha jirani maumivu akisema ni harage la jana, alivyopanda boda akiwa amejishika ubavu, alivyogoma kwenye kitanda, alichosema kuhusu Agneta na miti ya kuni. Benchi zima likamgeukia Agneta. Akaendelea: kisu kilivyoingia, kifuko kilivyokutwa kimekaza kama kibuyu kilichojazwa kupita kiasi, jinsi Waliaula alivyosita, mkono ukiwa juu yake, akijua kidole kimoja kikikosea basi. Kila aliposimama kupumua, benchi moja liliitikia, kisha la pili. Hakuna aliyewapanga. Jinsi kilivyotoka kizima. Jinsi kilivyopasuliwa kwenye sinia, mawe yakagonga chuma.

Naapa hiyo ndiyo thieta bora ya Kigiriki iliyowahi kuonyeshwa mji huu, na mkuu wa kitivo hakuwepo. Waliaula alikuwa amebaki mlangoni akisikiliza upasuaji wake mwenyewe kinywa wazi. Alimwambia muuguzi kwamba hakujua ulikuwa wa hatari namna ile.

Mama Dorca alipozinduka kabisa alimwita Dishon na kumtaka asimulie tena, yote, naye akamkatiza mara nyingi kurekebisha sehemu ambazo alikuwa amelala. Kisha akamnunia. Alimnunia mpaka kipindi cha kuvuna mtama, kwa kuwa alikuwa amemfanya mwongo mbele ya soko zima, na hilo ni jambo ambalo mama wa Sondu hamsamehei mtu kwa sababu tu nyongo imetoka salama. Alipomsamehe hakusema. Alimtumia viazi.

Chuoni bado anafundisha memo. Nimeandika barua kwa kila ofisi yenye anwani, na nitaendelea kuandika, kwa sababu ni aibu kwa nchi kuwa na mtu kama yule na kumpa kazi ya kusahihisha nukta za memo. Lakini Sondu, mtu wao akiingizwa thieta, Kisumu au kwingineko, wanampigia Dishon simu. Haji kutibu. Anakuja kusimama kando ya mlango, anazungumza na madaktari kwa lugha yao, kisha anatoka kwa watu. Si mara zote husema yuko hai. Mara hizo husimulia polepole zaidi, na hapunguzi.

Mama Dorca akiulizwa sokoni kama bado mwanawe ni daktari, hupanga viazi vyake huku akijibu, "Ni daktari. Lakini si wa ndani, ni wa mlangoni."

Yule mzee wa ngiri peke yake ndiye anayekataa kuelewa mpaka leo. Ameelezwa na mke, na pasta, na Dishon mwenyewe. Anasema hayo ni maneno ya watu wenye wivu. Krismasi iliyopita alirudi nyuma ya nyumba, akainua shati upande wa pili.

Dishon aliangalia. Akamwambia aende hospitali.